Telegramu Iliyomlaza Baba Namanga

Sisi tuliokulia Kisaju hatukuwa na anwani zetu wenyewe. Tulikuwa na boksi moja la shule, lililokuwa mbali kule Kajiado mjini, na barua ya mtu yeyote, awe mhubiri, mwenye duka la unga au bibi kizee aliyeandikiwa na dada yake, ilikuja kwa mkono wa Mwalimu Mkuu. Kwenye bahasha uliandika jina la mwenyewe, chini yake jina la shule, halafu S.L.P. na namba, halafu Kajiado. Mwalimu Mkuu, mzee mmoja mrefu aliyeitwa Mutua, akienda Kajiado kuchukua chaki, alirudi na barua za kijiji kizima zimefungwa kwa raba. Kesho yake asubuhi, tukiwa tumepiga mstari mbele ya bendera na upepo wa nyanda za Kaputiei unatuchapa miguu, alisoma majina. Ukisikia jina la baba yako unatoka mstarini ukikimbia, na siku nzima unakaa na ile barua ndani ya sweta, inakukwaruza tumbo, na wewe unajiona mtu wa maana kuliko kiranja.

Nakumbuka ladha ya gundi ya stempu. Kuna walioipenda mpaka wakaramba stempu ikakosa kushika, ikabidi ibandikwe kwa ugali. Tulizibandua stempu zilizotumika kwa mvuke wa birika la chai, tukabadilishana kama wafanyabiashara wa Namanga, ndovu mmoja kwa ndege wawili. Nakumbuka pia ile karatasi ya samawati ya kwenda ng'ambo, unaandika ndani, unaikunja, yenyewe inageuka bahasha, na ukikosea kukunja umeharibu barua na karatasi. Na barua zenyewe! Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Natumaini u mzima kama mimi nilivyo mzima hapa, watoto wanakusalimu, ng'ombe yule mwekundu amezaa, mvua imenyesha kidogo. Habari yenyewe ilikuja pale mwisho, imebanwa pembeni mwa karatasi. Leo nikimwandikia mpwa wangu salamu kwa simu, ananijibu kwa herufi moja. K. Mara ya kwanza nilidhani ameanza kuandika akaangukiwa na kitu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita nilipata ujumbe kwamba mzigo wangu umefika posta. Binti yangu yuko ng'ambo na alikuwa ameniahidi viatu. Naishi Noonkopir, kwa hivyo nikatembea mpaka posta ya hapa Kitengela nikiwa nimevaa vizuri, maana sisi tulifundishwa kwamba ofisi ya serikali huendi na malapa. Ndani nilichanganyikiwa. Kulikuwa na watu wanalipa bili, mwingine anatuma pesa, kijana anafanyiwa fotokopi, na mvulana wa bodaboda anapanga maboksi ya vitu watu walivyonunua kwa mtandao. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameshika barua.

"Mum, boksi yako ni gani?" msichana wa kaunta aliniuliza.

"Sina boksi. Boksi ilikuwa ya shule."

"Sawa, so tutakufungulia. Namba yako ya simu ndiyo itakuwa boksi."

"Boksi itakaa wapi?"

"Kwa simu, Mum."

Nilitazama simu yangu, nikamtazama yeye. Nilimuuliza kama viatu navyo vitaingia kwa simu, akacheka mpaka mwenzake akageuka. Alinieleza vizuri tu, msichana wa watu, na nikaitikia kila alichosema kama mtu anayeelewa. Nilitoka na viatu vyangu lakini bado sijui mahali anwani yangu ilipo. Nilipofika nje nikakumbuka siku tulipochanganyikiwa na posta kweli kweli, tukiwa Kisaju, mimi nikiwa msichana wa darasa la sita. Ukilinganisha na ile siku, hii ya viatu ni mchezo.

Wazazi wangu walitoka Murang'a, wakanunua ploti Kisaju wakati watu wa kwao waliwaona kama wametupwa porini. Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba simiti na mahindi, akienda Namanga na kuvuka upande wa Tanzania. Mama aliuza vitunguu na nyanya sokoni. Jirani yetu wa karibu alikuwa mama wa Kimaasai tuliyemwita Ngoto Nasieku, yaani mama yake Nasieku, na Nasieku tulisoma naye darasa moja. Mama na Ngoto Nasieku walielewana kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Mmoja alitia Kikuyu, mwingine alitia Kimaa, na kilichobaki katikati ndicho walichokizungumza. Waliweza kukaa hivyo tangu kukamua hadi jua lizame.

Lori la Baba lilikuwa na tanboi mmoja, yaani msaidizi wa dereva, kijana wa Bisil aliyeitwa Lemayian. Alikuwa mchangamfu, mwenye meno meupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, alichokiokota kwa madereva kituo hadi kituo. Huyo Lemayian, bila nia mbaya hata kidogo, ndiye aliyetuletea msiba.

Baba alikuwa ameondoka nyumbani akisema atarudi baada ya siku mbili tatu. Siku hizo zikapita. Mama hakujali sana, kwa sababu mpaka ulikuwa mpaka, leo unafunguliwa kesho karatasi hazijapigwa muhuri. Halafu alasiri moja tukiwa shambani tukamwona Mwalimu Mkuu anakuja kwa miguu, amevaa koti, na nyuma yake kuna akina mama wawili wa kanisa. Mama aliliacha jembe likaanguka. Mtu akija na akina mama wawili wa kanisa siku ya kazi, haleti salamu.

"Mama Njeri," Mwalimu alisema, akimwita kwa jina langu, "tukae kwanza."

"Mwalimu, sema nikiwa nimesimama."

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa telegramu. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, telegramu ilikuwa ujumbe wa haraka uliopitia posta kwa nyaya, na kwa kuwa ulilipia kila neno, watu waliyabana maneno mpaka yakalia. Barua ilikuwa ya salamu, telegramu ilikuwa ya taabu. Mwalimu alikuwa ameikuta Kajiado ikingoja, akaisoma palepale posta akiegemea kaunta. Sasa akaisoma tena, polepole, kwa ile sauti yake ya kanisani.

BABA NJERI AMELALA NAMANGA LETENI KITAMBULISHO NA BLANKETI.

Niliiona midomo ya Mama inayarudia yale maneno.

"Amelala vipi?" akauliza.

"Amelala, Mama Njeri. Amelala katika Bwana."

"Haijaandikwa katika Bwana."

"Ni lugha ya heshima. Na ona, wanataka kitambulisho. Ni cha mochari hicho. Na blanketi..." Mmoja wa wale akina mama akammalizia sentensi kwa kupiga nduru, na nduru ile ikaenda mpaka barabarani.

Mimi sikujua nifanye nini. Nilijua kwamba watoto waliofiwa hulia, lakini machozi hayakuja, na niliona aibu. Nilikuwa nimeshika kikapu cha nyanya na nilikuwa nawaza kama niziweke chini au nimalize kuchuma. Nikaendelea kuchuma. Mpaka leo nikikata nyanya mbichi, ile harufu ya majani yake hunirudisha palepale, nikiwa nimesimama kati ya mistari, nasikia watu wanalia na mimi nachagua zilizoiva.

Mama alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi. Aliingia ndani, akatafuta kitambulisho, akakipata kwenye mfuko wa koti la Baba la kanisani. "Hata hakuenda nacho," alisema, na ndipo akalia, akiitazama ile picha ndogo ambayo Baba alikuwa ameikunjia uso kana kwamba mpiga picha amemtusi. Kisha akafuta machozi akaniuliza kama kuku wamefungiwa. Kisha akasema, "Lakini mbona hawakuandika amefariki? Amefariki pia ni neno moja." Watu wakamwambia anyamaze, ni uchungu unaongea.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulizidi kasi. Kabla hata ya kutoka Kajiado alikuwa amekwisha kutuma telegramu nyingine Murang'a, kwa kaka mkubwa wa Baba, ambaye sisi tulimwita Baba Mkubwa. Hiyo yake hakubana maneno. Iliandikwa wazi kwamba ndugu yako amefariki Namanga, njoo haraka.

Na Baba Mkubwa akaja haraka. Kesho yake jioni alikuwa ameketi kwenye kiti cha Baba, amevua kofia, anapokea rambirambi. Uwanja ulikuwa umejaa. Siku hizo matanga hayakuwa na hema la kukodi wala maspika. Watu walikalia mawe, magogo na madebe yaliyopinduliwa. Kwaya iliimba, githeri ya mahindi na maharagwe ikachemka kwenye sufuria ya kanisa, na Ngoto Nasieku akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando akakaa chini kando ya Mama, bega kwa bega. Watoto wa shule waliniheshimu ghafla. Nasieku alinipa nafasi yake katika mchezo wa kati, na hakuna aliyenirushia mpira kwa nguvu.

Tulidhani Baba Mkubwa atapanda basi la kwanza kwenda Namanga kumchukua ndugu yake. Lakini akaita kikao. Baada ya kikao, kikao kingine. Gari litakodiwa wapi, nani atatoa nini, mwili utapita njia gani. Mama aliingia na chai, akamsikia anasema mazishi yatakuwa Murang'a.

"Hapa ndipo kwake," Mama akasema. "Baba Njeri alisema akifa azikwe hapa, kwa shamba lake."

"Hapa ni porini, Mama Njeri. Huwezi kuzika mtu mahali fisi wanatembea." Alisema kwa upole, kama anayeongea na mtoto. "Na wewe na watoto mtarudi nyumbani. Hizo karatasi za shamba umeziweka wapi? Nipe nizitunze, hapa watu ni wengi, zinaweza kupotea."

Mama alisimama na lile birika mkononi. Nilikuwa mlangoni, na niliona uso wake unabadilika. Ule uchungu ulikuwepo bado, lakini kulikuwa na kitu kingine kimeingia, kama mtu aliyekuwa akisikiliza redio yenye mikwaruzo na sasa ameanza kupata kituo.

"Nitazitafuta," akasema.

Hakuzitafuta. Asubuhi, ng'ombe wa Ngoto Nasieku wakiwa bado hawajatolewa boma, nilimwona Mama amevaa kitambaa cha kichwa na koti la Baba, kitambulisho mfukoni, amebeba blanketi. Ngoto Nasieku alikuwa naye, amejifunga shuka, na fimbo mkononi.

"Unaenda wapi?" Baba Mkubwa akauliza kutoka barazani.

"Namanga."

"Mwanamke haendi kuchukua maiti! Wanaume tumekaa hapa tunapanga!"

"Endeleeni kupanga," Mama akajibu. "Mimi naenda kumwona mtu wangu. Kama amelala nitamwona amelala."

Ngoto Nasieku akaongeza kitu kwa Kimaa, ambacho Nasieku alikataa kunitafsiria. Wakaenda barabarani kusimamisha basi.

Siku ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, kwa hivyo nilipika chai, nikaosha vikombe, nikapika chai tena. Mchana akaja mgeni ambaye sikuwa nimemwona kwenye matanga, mwanamume mnene mwenye kofia ya manyoya na viatu vinavyong'aa. Hakuingia kumpa mtu pole. Baba Mkubwa alimchukua moja kwa moja wakazunguka ploti, wakisimama kila pembe. Niliwapelekea chai kule kwenye ua wa michongoma nikasikia Baba Mkubwa akisema, "Maji yako karibu, na barabara ndiyo hiyo. Mjane hatakuwa na shida. Ataondoka na sisi."

Nilikuwa mtoto lakini nilijua mjane ni nani. Nilirudi jikoni nikiwa na hasira na woga, na bado sijalia, na sasa nilikuwa nawaza mambo mawili ambayo hayakuwa yakipatana kichwani. Kama Baba amekufa, kwa nini huyu mtu anakunywa chai yetu akitabasamu? Na kama hajafa, hawa watu wote wanafanya nini hapa?

Jua lilikuwa limeinama tuliposikia lori. Kila mtoto wa Kisaju alijua sauti ya lori la Baba, lilikuwa na kikohozi chake likibadilisha gia kwenye kilima. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Waimbaji wa mbele waligeuka kutazama barabarani, sauti zao zikapungua moja moja, akabaki mzee mmoja wa besi, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, akiimba peke yake kuhusu mbinguni.

Lori liliingia uwanjani. Mlango ukafunguka na Baba akashuka.

Alikuwa mchafu, ndevu zimeota, na amekonda kidogo. Alisimama akitazama magogo, sufuria, kwaya, Mwalimu Mkuu, na ndugu yake aliyepaswa kuwa Murang'a. Alitoa kofia yake, kwa heshima ya msiba.

"Jameni," akasema kwa sauti ya chini, "nani amekufa?"

Mama mmoja wa kanisa alikimbia akaacha kiatu. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mwishowe mzee wa besi, aliyekuwa amenyamaza sasa, akasema, "Ni wewe, Baba Njeri."

"Mimi?"

"Ni wewe. Pole sana."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti mpaka Nasieku akanishika, nikamponyoka nikakimbia nikajitupa kwenye tumbo la Baba, na alinuka dizeli, jasho na vumbi la Namanga, na alikuwa na joto. Alinishika kichwa akiuliza, "Kwani kumetokea nini? Hawa watu wana nini?"

Yaliyotokea yalikuwa mepesi hata kuyaeleza ni aibu. Baba alisahau kitambulisho kwenye koti la kanisani. Mpakani askari akamwambia lori halitoki yadi mpaka kitambulisho kionekane. Basi akalala yadini, usiku wa kwanza na wa pili, chini ya lori, akipigwa na baridi. Aliwatuma madereva waliokuwa wakirudi Nairobi watuambie, wote wakasahau. Ndipo akamtuma Lemayian posta. "Mwambie Mama Njeri nimelala Namanga, walete kitambulisho na blanketi." Lemayian akaandika hivyo hivyo.

Ngoto Nasieku ndiye aliyetusimulia walivyomkuta. Hakuchoka kusimulia, miaka na miaka, na kila mara alisimama aigize. Walishuka basi Namanga, Mama akauliza mochari ni wapi. Wakiwa wanaonyeshwa njia, wakapita karibu na yadi ya malori, na hapo Ngoto Nasieku akamwona mtu ameketi juu ya jerikeni akila mhindi wa kuchoma. "Nikamwambia mama yenu, ona ile maiti inakula!" Mama alimwendea Baba moja kwa moja akampiga na lile blanketi, kichwani, mabegani, mgongoni, na Baba akawa anauliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" Mama akamuuliza kwa nini amelala. Baba akasema, "Kwa sababu kulikuwa na usiku!" Ndipo Mama akakaa chini kwenye changarawe akalia na kucheka vyote pamoja, na madereva wakazunguka kutazama.

Sasa uwanjani Mama naye alikuwa ameshuka kwenye lori. Watu walikuwa wameanza kucheka na kumgusa Baba mikono kuhakikisha. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa akilia kwa sauti kubwa kuliko wote, akimshukuru Mungu. Mama alisubiri kelele zipungue.

"Baba Njeri," akasema, "muulize ndugu yako yule mgeni mwenye kofia amekuja kununua nini."

Kila mtu aligeuka. Yule mgeni alikuwa kwenye ua wa michongoma, kikombe chetu kikiwa bado mkononi. Alikiweka chini kwenye nyasi kwa uangalifu, akaondoka kuelekea barabarani bila kuaga.

"Ulikuja Namanga?" Baba akamuuliza kaka yake.

"Tulikuwa tunapanga gari..."

"Ulisikia nimekufa. Hukuja kuniona?"

"Telegramu ilisema..."

"Telegramu ilisema uuze shamba?"

Baba Mkubwa akajaribu kueleza kwamba alikuwa anafikiria watoto. Labda ni kweli, nimewahi kujiuliza. Labda alituona kweli tukiliwa na fisi, na akaona shamba ndilo linalotufunga pale. Watu hawaji wakiwa wabaya watupu, ingekuwa rahisi. Lakini siku ile Baba hakutaka kusikia. Alimkabidhi kaka yake kofia aliyokuwa ameivua, akamwambia Lemayian ampeleke stendi, na ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni hawakusemezana tena mpaka mimi nilipoolewa. Hata siku hiyo ya harusi walisalimiana kama watu wanaojuana kwa mbali.

Githeri ililiwa, kwa sababu ilikuwa imeiva. Kwaya ikaimba nyimbo nyingine. Mwalimu Mkuu alimwomba Mama msamaha mbele ya watu wote, akasema tangu leo hatatafsiri telegramu, ataifikisha tu. Naye Lemayian alijificha nyuma ya lori mpaka Ngoto Nasieku alipomvuta kwa sikio, akamlisha, akamwambia ajifunze Kiswahili. Mwezi uliofuata Baba alienda Kajiado na Mama, na jina la Mama likaandikwa kwenye karatasi za shamba pamoja na lake. Wanaume wa Kisaju walimcheka. Akawaambia kwamba yeye ameshawahi kufa, anajua kinachofuata.

Baada ya hapo kila telegramu aliyotutumia kutoka barabarani ilianza na maneno mawili. NIKO HAI. Alikubali kulipia. Karani wa Namanga alizoea, alimwona tu anaingia akaanza kuandika.

Halafu mambo yakaanza kubadilika, na sisi tukawa tunabadilika nayo bila kujua. Kitengela ikakua, tukapata posta karibu, tukaacha boksi la shule. Nje ya posta kulikuwa na kibanda cha simu na foleni ya watu wenye sarafu mkononi, kila mtu akisikiliza mazungumzo ya aliye mbele. Posta na simu zilikuwa kitu kimoja, kisha tukasikia zimetenganishwa, na wazee wakauliza ni nani aliyewaachanisha. Kisha zikaja simu za mkono. Siku moja nilienda kutuma telegramu ya harusi na karani akanitazama kama nimeomba mafuta ya taa. Hazipo, akasema. Tangu lini? Hakukumbuka. Kitu kilichokuwa kikitufanya tuangushe majembe kiliondoka bila hata tangazo la kifo.

Sasa vijana wana haraka ambayo siielewi. Binti yangu anaona nimesoma ujumbe wake, kuna alama inamwambia, na nikichelewa kujibu anapiga kuuliza kama mimi ni mgonjwa. Mpwa wangu alinionyesha mzigo wake unavyosafiri kwenye ramani, kitone kinatambaa kutoka Nairobi kuja Kitengela, na alikitazama hicho kitone alasiri nzima badala ya kufua. Nilimwambia sisi tulikuwa tunangoja barua mwezi mzima. Akaniuliza, "Mlikuwa mnafanya nini kwa hiyo saa yote?" Tulikuwa tunaishi, nadhani. Tulikuwa tunachuma nyanya.

Lakini siwezi kusema enzi zetu zilikuwa bora, nikisema hivyo Mama angenipiga na blanketi. Mtu alikuwa akiugua Mombasa, unapata habari ameshapona au ameshazikwa. Kwa simu moja tu kutoka Namanga, Mama asingelia siku zile. Kwa simu hiyo hiyo, pia, asingejua alivyokuwa akitazamwa na shemeji yake, wala jina lake lisingeandikwa popote. Kwa hivyo sijui. Nikiifikiria sana nachanganyikiwa, naacha.

Baba alifariki kweli miaka mingi baadaye, akiwa mzee, hospitalini Kajiado. Nilikuwa Noonkopir naanika nguo. Habari ilinifikia kwenye kundi la familia, imeandikwa na binamu yangu kwa Kiswahili safi, pamoja na jina lake lote, saa na wodi. Kabla sijakaa chini, watu walikuwa wameshatuma nyuso zinazolia na mikono iliyofumbatana, wengine kutoka nchi ambazo sijafika, na mwingine akauliza mazishi ni lini. Hakuna aliyepiga nduru. Hakuna aliyekuja akiwa amevaa koti. Kila kitu kilikuwa wazi.

Nilikaa kwenye ngazi na nguo mbichi mapajani, nikausoma ule ujumbe, nikausoma tena, neno moja moja, kama Mama alivyofanya siku ile shambani. Nilikuwa natafuta neno ambalo lingeweza kuwa na maana nyingine.